Tonge Alilolitaka Mama

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Wifi mgongo unamwendeaje? Na mwanangu, yule mtundu, ameshaota jino la mbele au bado anacheka kwa pengo? Mimi ni mzima, vidole tu vinauma kwa kushona mifuko ya sare kutwa nzima.

Najua umepiga simu mara nyingi sikupokea. Nisikudanganye kwamba kazi zilinibana. Nilikuwa na hasira nawe, na hasira ya kwenye simu haina breki. Ndiyo maana nimeona bora nishike kalamu. Kabla sijaendelea, mama yu hai. Sasa soma polepole.

Kiharusi kilipomkuta anakunja nguo, maneno yalimwisha yote kama maji kwenye pakacha. Hilo ulilijua. Ambalo hukuelezwa vizuri ni kwamba alipoteza pia kumeza. Chakula kikiingia kinywani kinafuata njia ya hewa. Ndiyo maana tulitoka naye hospitali akiwa na mrija puani, nami nikawa namlisha maziwa na uji mwepesi kwa bomba la sindano. Daktari alikataza kabisa kumtilia kitu mdomoni, hata maji.

Siku ya tatu hapa nyumbani akapata neno. Moja tu: tonge.

Unajua lilivyokuwa neno lake. Miaka ishirini na minane ya upishi wa shule haimtoki mtu hivi hivi. Kwake kwenda kazini ni kutafuta tonge, aliyepanda cheo kapata tonge nono, na wewe walipokunyima ile nafasi dakika ya mwisho, alisema wamekupokonya tonge mdomoni. Basi sasa likabeba kazi ya maneno yote. Nikimfungulia dirisha, "Tonge," kwa upole, yaani asante. Nikichelewa kumgeuza, "Tonge!" nami najua nimetukanwa. Akiitazama picha yako, "Tonge?" yaani huyu hajapiga simu? Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mama mdogo hakucheka. Yeye ndiye anayeshinda naye mimi nikiwa kiwandani, na alichosikia ni dada yake anaomba chakula kuanzia asubuhi. Akaniambia, "Hata mfungwa hupewa tonge lake. Wewe unamlisha kwa bomba kama unamwagilia ua." Nikamweleza mambo ya njia ya hewa. Akanyamaza, nikadhani ameelewa. Kumbe alikuandikia wewe, nawe ukamjibu: "Mama akiomba chakula apewe. Dada amezidi woga." Ujumbe huo nimeusoma kwa macho yangu.

Jumatano ya wiki juzi umeme ulikatika kiwandani tukarudishwa mapema. Nipo kwenye ngazi nikasikia sahani inavunjika. Nikapanda mbio. Mama alikuwa kitini, midomo imegeuka rangi, macho yamemtoka, sauti hana. Mama mdogo kasimama na kijiko, anarudia tu, "La kwanza kalimeza! La kwanza kalimeza vizuri!"

Nilimwinamisha mama mbele, nikampiga katikati ya mabega kwa kiganja. Mara ya tano kipande cha kiazi kikarukia sakafuni, akavuta pumzi kwa mlio ambao bado nausikia hata cherehani zikiwa zinanguruma.

Hapo nikamwambia mama mdogo neno baya. Nilimwambia, "Umetaka kutuulia mama." Hakujitetea. Alinionyesha ujumbe wako, kisha akatoka akakaa kwenye ngazi. Wauguzi wa gari la wagonjwa nililoliita walipopita na machela alijibana ukutani kama mpangaji mgeni.

Mabaki ya chakula yalikuwa yameshaingia mapafuni. Homa ilimkalia siku sita. Ya saba daktari akaniita: Ijumaa mtaalamu wa kumeza atampima, na akishindwa watampitishia mrija tumboni, huenda wa maisha. Akanipa fomu ya idhini nikae nayo. Nikaikunja, nikaikunjua, sikuweza kutia sahihi.

Nje ya wodi nikamkuta mama mdogo kwenye benchi. Kumbe alikuwa anakuja kila siku asiingie. Akasema mwenyewe, "Mama yetu alikufa mimi sijaota meno. Dada ndiye aliyekuwa ananitafunia. Leo nimsikie anaomba tonge, nimnyime kwa mdomo gani?"

Mdogo wangu, nikamwomba radhi, nikamshika mkono, tukaingia wote.

Ijumaa akaja huyo mtaalamu. Wagonjwa humwita Mama Kijiko. Mfupi, viatu vyake vinalia kila hatua. Akamkalisha mama wima, akamfundisha kuinamisha kidevu kifuani kabla ya kumeza, akamwekea vidole viwili kooni. Alianza na maji yaliyotiwa unga wa kuyafanya mazito. Mama akakohoa. Mimi jicho likaenda kwenye fomu.

"Kukohoa si kushindwa," Mama Kijiko akasema bila kunigeukia. "Anajilinda. Tena, mama."

Mara ya pili koo likapanda, likashuka. Tukangoja kikohozi, hakikuja. Ya tatu vilevile. Kisha akachota viazi vilivyopondwa mpaka vikalainika kama krimu, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Mama mdogo aliuma ncha ya mtandio wake. Mama akainamisha kidevu. Kikapita.

Usishangilie bado. Mrija wa tumboni wameuahirisha, hawajaufuta, na ule wa puani bado upo. Ametoka jana asubuhi, ameruhusiwa vijiko vitano mara mbili kwa siku, tena niwepo mimi. Atapimwa upya baada ya wiki mbili.

Ninalokuomba ni hili: mpigie mama mdogo. Usimfokee, wala usijifiche nyuma yake. Mwambie mlikosea wawili. Amekuwa mtu wa kunyamaza, naye hivyo sivyo alivyo. Nami ukinipigia nitapokea, hasira imebaki ya kufunika kucha tu.

Jana hiyohiyo jioni nilimlisha mama kwa mara ya kwanza bila Mama Kijiko. Vijiko vinne vikapita. Cha tano akafunga mdomo, akageuza uso. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akanishika kifundo cha mkono, akausukuma mkono wangu taratibu mpaka kijiko kikagusa midomo yangu.

"Wewe," akasema.

Sikusikia vibaya. Mama mdogo pia alisikia, alikuwa anapanga mito. Neno jipya, na ladha ya vile viazi visivyo na chumvi. Nilimeza huku machozi yanatoka.

Msalimie sana wifi, na mwanangu umbusu hapo penye pengo. Mama mdogo anakusalimu. Nimemwambia nakuandikia, akasema tu sawa. Mama nimemtajia jina lako, akaitikia kwa kichwa. Mungu awafunike huko mliko, na sisi huku atuongezee pumzi na subira.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna.