Kamba ya Majini

Kililana, Jumanne

Kamba imeniumbua leo. Kwetu Ndau tumevuta mashua kwa kamba maisha yetu yote, basi nami nikaifunga trela ya mashua nyuma ya pikapu vivyo hivyo. Nilipokanyaga breki, trela haikusimama. Ikanigonga nyuma, taa zikavunjika.

Fundi alicheka hadi akakaa chini. "Bwana Athumani, kamba ni ya majini. Weka chuma cha kuvutia trela, kichwa chake kienee sawasawa kwenye kikombe cha trela. Kikiwa kidogo kitachomoka."

Nikachagua kinachoenea. Kisha akauliza ni nani atakayesimama nyuma kuniongoza nikiiteremsha trela majini kinyumenyume.

Ndau ukigusa mashua tu, watu wanakuja wenyewe. Hapa, tangu mke wangu afariki...

Nikamwambia aniongezee kioo cha pembeni.