Ngoma Imepanda, Gitaa Limebaki

Jumatatu, 6 Julai

Asubuhi ukungu, baridi ya kipupwe. Jua limechelewa.

Mazoezi uani kwa Kaka Rashidi, kama kila Jumatatu. Bendi ni yake, gitaa pia lake. Mimi nimeliazima tu. Nimepiga nyimbo zake za harusi, kisha nikakanyaga kile kidude cha kukoroma, kinachofanya gitaa lilie kwa kukwaruza, na kupiga wimbo wangu: mwendo wa ngoma ya Kindengereko, zile kodi za jazi, nyuzi kadhaa kwa pigo moja, nilizojifunza kwenye simu, ukali wa roki. Kaka Rashidi akachomoa waya. Amesema wazi. Jumamosi tuna harusi kijijini Umwe. Nikithubutu makelele hayo huko, gitaa linarudi kwake. Nina hasira. Nimelala saa sita kasoro robo.

Jumatano, 8 Julai

Mawingu, mvua hakuna.

Amekuja Bi Tatu wa Mkongo, mpiga ngoma wetu. Siku mbaya. Nyuzi zote nimezipima kwa simu, kila moja taa ya kijani, yaani iko sawa. Tulipoanza, gitaa likalia kando ya ngoma kama mke na mume waliogombana. Nikamwambia ngoma yake imepotoka. Bora ningenyamaza. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Imepotoka! Binti, ngoma hii imemcheza mama yako unyagoni. Iambie simu yako ije iote moto."

Akaiinamisha kwenye moto wa makuti. Ngozi ikakaza, sauti ikapanda, tukawa mbali zaidi. Nikapima tena. Kijani. Upuuzi mtupu.

Alhamisi, 9 Julai

Upepo. Nimekaza nyuzi kuifukuzia ngoma. Ule mwembamba umekatika. Kibiti nzima sijapata wa kununua. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 10 Julai

Manyunyu alfajiri.

Fundi baiskeli amenichambulia uzi mmoja kutoka kwenye waya wa breki. Unakwaruza vidole. Simu haiuelewi, taa inarukaruka. Nimeizima. Bi Tatu alikuwa anaiotesha ngoma moto, nikakaa karibu naye, nikakaza nyuzi kwa sikio. Ngoma ikilegea, nalegeza. Ikipanda katikati ya wimbo, nausukuma uzi kwa kidole mpaka sauti zikutane. Kumbe. Ningejua Jumatano! Nimejikasirikia.

Jumamosi, 11 Julai

Jua kali tangu asubuhi.

Umwe, shughuli ya wanawake, ndani ya ua. Katikati ya wimbo ngoma ikalegea, Bi Tatu akaipeleka motoni. Kimya. Kaka Rashidi, nje ya ua na wanaume, akapaza sauti: "Piga ule wa bibi harusi!"

Sikupiga. Nimewasha kidude, nimepiga wangu. Wanawake wakacheka.

"Jamani, gitaa lina mafua!"

"Lichemshieni tangawizi!"

Niliendelea. Bi Tatu akarudi, ngoma imepanda, nami nikausukuma uzi wa breki ukaifikia. Yule mwanamke aliyesema mafua ndiye wa kwanza kujifunga kanga kiunoni. Hawakukaa mpaka wakaitwa kula.

Tulipotoka, Kaka Rashidi alikuwa ananisubiri mlangoni. Alilivua gitaa begani kwangu, mbele za watu. Sikulia. Hasira ilizidi kilio. Usingizi hakuna.

Jumapili, 12 Julai

Asubuhi tulivu, umande mwingi.

Nimefua. Alasiri nimekwenda kwa Kaka Rashidi kuomba radhi, ingawa kosa silioni. Nilimkuta uani peke yake, gitaa mapajani, simu ameiegemeza kwenye kigoda, taa ya kijani inawaka. Alikuwa anautafuta wimbo wangu. Haupati. Aliponiona hakuinuka. Alininyooshea gitaa.

"Nionyeshe pale unapopanda."

Nimemwonyesha mara moja. Akaangalia kidole changu. Ya jana hakuyataja, nami sikuyataja. Nimeaga nikiwa na gitaa begani. Hakulidai.

Nimelala saa tatu na robo.