Seva za Wening na Mkono wa Pak Harsoyo

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu Wening kapewa kazi kubwa! Seva zote za kampuni ya mabasi, zile kompyuta za kuuzia tiketi, ziko chini yake. Anafunga programu mpya. Inafanya nini? Eti anaandika kwenye faili jinsi anavyotaka seva ziwe, nayo inazipanga hivyo. Mtu akizigusa kwa mkono, inazirudisha vilevile. Basi programu hiyo ni mimi na jiko langu! Niliishia darasa la sita, lakini nimeelewa. Nimemwambia jirani, Bu Darmi. Mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Wening hajagusa kolak, ndizi zangu za nazi, wakati wa kufuturu. Keshokutwa tiketi za kwenda nyumbani Idi zinafunguliwa — mji mzima wa Semarang utabofya pamoja. Seva zikianguka, kazi hana.

Na kuna Pak Harsoyo, mkuu wake, mzee wa watu, ndiye aliyemwajiri. Watu wakisongamana huongeza seva kwa mkono. Sasa programu itaona hazimo kwenye faili — itazifuta!

"Si umwambie?"

"Nimemgusia, Mama. Kasema ndiyo, ndiyo."

Ndiyo yetu sisi Wajawa, ya adabu tu! Hiyo ni hewa.

"Basi mnyang'anye funguo za kuingilia seva."

"Mzee yule? Aibu, Mama!"

Kweli. Mkubwa hakosolewi usoni. Nimemlea na adabu, mtaa mzima unajua.

Alhamisi, 6 Machi

Wening kampelekea Pak Harsoyo keki zangu za ndizi za kufuturia. Kamsifu, kamzunguka weee — karudi hajalisema lile la seva.

Ijumaa, 7 Machi

Tiketi zimefunguliwa asubuhi hii! Nimekaa mlangoni pa chumba cha Wening, anakofanyia kazi. Mwanzo shwari. Mara Wening: "Pak Harsoyo ameongeza seva. Zimefutwa. Jamani, ameongeza tena!" Kila zikifutwa, waliokuwa wanalipa wanatupwa nje.

Bu Darmi kaingia na simu yake juu. "Tiketi yangu ya kwenda Wonogiri imeyeyuka! Ndiyo kazi ya mwanao hiyo?" Nimemvutia kiti tu. Mimi!

Wening kaandika seva zaidi kwenye faili. Haziingii mpaka Pak Harsoyo aidhinishe — naye yuko kule anaongeza kwa mkono.

Sasa mzee kapiga simu mwenyewe, analalamika: programu yako mbovu, binti! Wening kaifunika simu, ananitazama kama mtoto anayeomba ruhusa.

"Mama, nimwambie?"

"Mwambie! Wazi!"

Kavuta pumzi. "Pak, samahani... kwanza asante sana kwa jitihada zako, Pak..."

Anazunguka tena! Adabu yangu hiyo. Naweka kalamu — naenda kuichukua hiyo simu, nimwambie mimi.