Mgombea Aliyegeukia Ukuta

Tunis, Jumatano asubuhi

Kwa Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na goti lako limetulia kwa kuwa joto la Testour sasa linapungua. Mama hajambo? Dawa zake za presha za mwezi huu nimezinunua, nimempa jirani yetu Hichem akuletee pamoja na barua hii. Nadhani makomamanga yameanza kupasuka mitini. Nisamehe kwamba mwaka huu sitakuwepo kukusaidia kuyachuma. Mimi mwilini ni mzima, ila usingizi umenikimbia na chakula hakishuki.

Nakuomba usiisome barua hii mkahawani mbele ya wenzako, wala usimpe Mama. Isome chumbani, peke yako. Hichem hajui kilichomo.

Nilikuambia kwa simu kwamba nimepata kazi ya ukarani katika ofisi ya kampeni ya urais. Sikukuambia ni kampeni ya nani. Ni ya Wakili Tahar Mabrouki, yule aliyefungwa miaka tisa zama za utawala uliopita, katika gereza lile ulimokuwa askari. Sasa unajua kwa nini nilinyamaza. Kwenye fomu ya maombi, palipoulizwa kazi ya baba, niliandika: mstaafu wa serikali. Hakuna aliyeniuliza zaidi, nami tangu siku hiyo nimeishi nikingoja kuulizwa.

Kazi yenyewe ni ya ajabu kidogo. Mkuu wangu ni Madam Sonia, aliyewahi kuwa mtangazaji wa habari. Hunikalisha mbele ya runinga, sauti imezimwa, niandike kila kinachofanywa na mwili wa Wakili: dakika ya tatu ameangalia sakafu, dakika ya nne mikono imekwenda nyuma. Hotuba zake ni nzuri sana, Baba. Lakini Madam Sonia anasema watu hupiga kura kwa macho, na masikio hufuata baadaye kutafuta sababu.

Mwanzoni sikumwamini. Akanipeleka kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Mellassine, tukawaonyesha wateja picha za wagombea bila sauti. Mpinzani wetu, Skander Lajmi, tajiri wa viwanda vya saruji, alipotokea akitabasamu, mkono umetulia juu ya kiti, mwanamke mmoja akasema, “Huyu amekaa kama yuko kwa shangazi yake anangojea chai. Mtu wa watu.” Alipotokea Wakili wetu, mzee mmoja akaangua kicheko: “Na huyu je? Kama amekuja kuposa na hana mahari!” Mwenzake akamjibu, “Anaficha kitu, ndugu yangu. Mtu safi hukutazama usoni.” Hawakuwa wamesikia hata neno lake moja. Na kura za maoni zilisema vilevile: kila akionekana kwenye runinga, anashuka.

Kasoro yake ilikuwa ileile kila mara. Akiulizwa swali, macho huanguka chini na mikono hukimbilia nyuma. Akimaliza kujibu haketi, husimama kama mtu anayengoja ruhusa. Madam Sonia alimpigia kelele wiki nzima: “Wakili, mikono mbele! Wananchi wanataka kukupa nchi, hawakupeleki kituo cha polisi!” Naye siku moja akamjibu kwa upole, “Madam, wewe una wiki tatu na mikono hii. Wenzako kule gerezani walikuwa nayo miaka tisa.” Watu wote ofisini wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa.

Jumatano iliyopita tulifanya mazoezi ya mdahalo wa runinga wa Jumamosi hii. Kila mgombea ana sekunde tisini kwa jibu, na kwa kuwa mimi ni mwangalifu, nikapewa saa ya kuhesabia muda. Kengele ilikuwa haijaletwa. Madam Sonia akaniambia nitoe ishara yoyote muda ukiisha. Wakili alikuwa akieleza habari za bei ya mkate, akizungumza vizuri, macho mbele, hata nikafurahi. Sekunde ya tisini ikafika, nikatoa ishara.

Baba, unaijua ishara hiyo. Kidevu juu, kisha kiganja pajani, mara mbili, bila neno. Ndivyo ulivyotuita mezani mimi na Mourad tangu tukiwa wadogo. Sikujua kwamba nami ninayo. Wiki kadhaa nimeandika miili ya watu wengine, na wangu sikuwahi kuutazama.

Wakili alijikatiza katikati ya neno. Akageuka, akaenda hadi ukutani, akauegemeza uso wake hapo, mikono nyuma. Madam Sonia akacheka, “Wakili, kamera iko huku!” Hakuna aliyemfuata kwa kicheko. Saa ilikuwa bado inakwenda mkononi mwangu. Zilipita sekunde arobaini kabla hajageuka tena. Akaomba maji, akasema ni joto. Kisha akanitazama, na hakunitazama usoni. Aliutazama mkono wangu.

Siku zilizofuata nilitembea na mikono mfukoni. Mlango ukifunguliwa, nilishtuka. Mawazoni niliona watu wakija mlangoni kwenu, wakiandika maneno ukutani. Nilimwona Mama sokoni na wanawake wakimpa mgongo. Nilifikiria kuacha kazi bila kuaga, lakini niliogopa kwamba kukimbia kungesema kila kitu.

Jumatatu aliniita. Akaniuliza taratibu, “Emna, binti yangu, baba yako alikuwa akifanya kazi wapi?” Jibu nilikuwa nalo tayari: wizarani. Nilifungua kinywa nikahisi macho yangu yanaanguka sakafuni na mikono yangu inakwenda nyuma. Nilijua anachokiona.

Baba, nimemtajia jina lako. Neno hili limenifanya nichane karatasi tatu. Miaka tisa hakulijua jina hilo. Anasema wafungwa walikuita Bubu kwa sababu hukusema kamwe. Alilirudia jina lako polepole, kama mtu anayesoma anwani kwenye bahasha.

Hakunifukuza. Alifunga mlango akaniambia nifanye ile ishara tena. Nilikataa, nikalia. Akasema, “Fanya, binti yangu. Jumamosi mtu yeyote studioni anaweza kujipiga paja akifukuza nzi, nami nitageuka nchi nzima ikinitazama. Afadhali nigeuke hapa mbele yako.” Basi nikafanya. Mara za kwanza aligeuka kabisa. Mara ya kumi na moja liligeuka bega tu. Jana jioni alipepesa macho, akaendelea kuzungumza. Madam Sonia amefurahi mno, anadhani ni mazoezi ya kupumua aliyomfundisha.

Anajua kwamba ataulizwa habari za gereza. Ameniahidi kuwa hatakutaja, wala Madam Sonia hatamwambia, maana yule angetaka jina lako litolewe hadharani ili watu walie. Akasema, “Mimi nataka urais, sitaki ugomvi na mzee wa komamanga.” Namwamini. Lakini chini ya taa zile mtu hubadilika, nimeliona hilo mara nyingi, na hofu haijaniondoka.

Ameniagiza kitu kimoja tu nikuulize. Anasema kwa ishara hiyo uliwageuza ukutani saa nzima, pengine saa mbili. Hukumpiga mtu. Hukusema. Wengine walidhani unakula. Wengine waliapa kwamba ulikuwa ukiondoka, na wao wakabaki wakiogopa chumba kitupu. “Mwambie sitaki aniombe radhi,” alisema. “Nataka kujua Bubu alikuwa akifanya nini nyuma yetu.”

Na mimi nataka kujua, Baba. Hukuwahi kuninyanyulia mkono hata siku moja, na sikuzote nilijisifu kwa wenzangu kwamba kwetu hakuna kelele. Ulijipiga paja mara mbili, nami nikaja mbio mezani. Nilidhani nilikuwa nakuja kwa sababu nakupenda. Tangu Jumatatu nalala nikijiuliza kama ilikuwa hivyo, na ninaogopa jibu lako kuliko ninavyoogopa Jumamosi.

Hichem anarudi Ijumaa baada ya sala. Mpe barua hata ikiwa ya mstari mmoja. Kama jibu ni baya, liandike lilivyo.

Nisalimie Mama, umwambie ninakula vizuri. Nisalimie Mourad akipiga simu, na Shangazi Zohra pia, kitambaa chake nitamletea mwenyewe. Mungu akutunze goti na moyo.

Mimi binti yako,
Emna