Pikipiki ya Tangi Kubwa

Baba Neema,

Nimeshindwa kuandika "mpendwa" hapo juu. Nilijaribu mara mbili na mara mbili nikachana karatasi. Basi nakuita kwa jina la mtoto, maana hilo limebaki kati yetu upende usipende.

Sijui kama unaikumbuka ile asubuhi dukani kwa Bwana Shabani, Kasulu mjini. Mimi naikumbuka mpaka harufu ya rangi ya mlango wake. Alikuwa amenunua pikipiki mbili kutoka mradi mmoja uliofunga kazi zake kwenye kambi za wakimbizi, zile pikipiki ndefu za safari za porini, za kupanda milima na kupita kwenye tope, si hizi za bodaboda. Zilikuwa za kampuni moja, injini moja, rangi moja ya majivu. Tofauti ilikuwa kwamba moja ilikuwa na tangi lake la kawaida la chuma, na nyingine ilikuwa imetengenezwa kwa safari ndefu: tangi kubwa la plastiki, pana kama tumbo la ng'ombe, shokapu zimeinuliwa na siti imepanda juu.

Tulikuwa tumekwenda kununua pikipiki yangu. Nataka tuelewane hapo kabla sijaendelea. Mimi ndiye niliyekuwa nikitembea kila Alhamisi na kisanduku cha chanjo begani, kutoka zahanati ya Kagerankanda hadi vitongoji vya mwisho, kwa sababu pikipiki ya zahanati ilikuwa imekufa. Maharage yaliyouzwa kupata fedha ile niliyapalilia mimi. Wewe shule yako ilikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni petu.

Ulizikagua kama fundi, nami nilijivunia kukutazama. Ulishika cheni ukaitikisa, ukahesabu meno ya sproketi yaliyolika, ukaziwasha zote mbili na kuchungulia moshi. Mwishoni ulisema injini ya ile ya tangi la kawaida inanguruma vizuri zaidi. Wewe mwenyewe ulisema hivyo. Bwana Shabani akatutoa mpaka uwanja wa mpira nyuma ya duka ili nijaribu.

Ile ya kawaida niliipanda, vidole vya miguu yote miwili vikagusa chini. Nikazunguka uwanja mara tatu, nikasimama nilipotaka kusimama. Ile ya tangi kubwa mlinishikia wanaume wawili nikapanda. Mguu mmoja uligusa kwa ncha ya kidole gumba, mwingine ulining'inia. Na tangi lilikuwa tupu.

"Likijaa mafuta litakuwa zito zaidi, na uzito wote uko juu," nilikuambia.

"Utazoea, Mama Neema. Kule kwetu petroli ni ya chupa, imechanganywa na mafuta ya taa. Hii unajaza hapa mjini unasahau. Tunakwenda nayo Kibondo kwa mama na kurudi bila kumuomba mtu mafuta."

Bwana Shabani, na lafudhi yake ya Tanga, alikuangalia kwa upole. "Mwalimu, maneno yako ni sawa kabisa kwa anayekwenda mbali. Lakini mwendeshaji ni nani? Dada'angu hapa ile ndogo ndiyo saizi yake. Tangi likimwishia atabeba kidumu. Miguu hawezi kuongeza."

Ulicheka. Ulinigeukia mbele yake ukaniuliza, "Wewe unasemaje?"

Na mimi, Baba Neema, nikasema tuchukue kubwa. Nilisema kwa mdomo wangu. Nilikuona umeshaweka mkono juu ya lile tangi kama mtu aliyeweka mkono begani kwa rafiki, nikaona aibu kukubishia mbele ya mfanyabiashara. Katika yote ninayokulaumu, hilo najilaumu mwenyewe.

Safari ya kwanza ilikuwa nzuri, siwezi kuikana. Tulitoka alfajiri, Neema katikati yetu amevaa sweta mbili, ukungu umelala mabondeni. Tulipofika Makere ulisimama ukatikisa tangi, ukatuonyesha kupitia plastiki jinsi mafuta yalivyokuwa bado juu, ukacheka. Nilikupenda siku ile. Kibondo mama yako alitupikia ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, akatoka nje kuizunguka pikipiki akipiga makofi. "Mawe! Hii ni ya nani?" aliuliza kwa mshangao wa kilugha chao. Ukajibu, "Yangu, mama." Nilikuwa nimesimama pale na sahani mkononi. Nilidhani ulisema hivyo kumfurahisha mzazi. Nilirudi jikoni.

Baada ya hapo nilijaribu kuizoea. Unajua nilijaribu. Nilikuwa naipandia kwenye ngazi ya zahanati, na nikifika kitongojini natafuta kichuguu au jiwe la kusimamia. Mara mbili iliniangukia nikiwa nimesimama tu. Mara ya pili ulisema unaogopa nitaivunja, kwa hiyo Alhamisi utanipeleka wewe. Ulinipeleka Alhamisi tatu. Kisha ukapata vipindi vya ziada, kisha ukapata uhamisho kwenda Kibondo, nyumbani kwenu, na pikipiki ikaenda nawe kwa sababu "wewe huiwezi na barabara ya Kibondo ni ndefu." Nikarudi kutembea na kisanduku changu. Wanawake wa vitongojini waliniuliza, "Nesi, pikipiki yako iko wapi?" Niliwajibu iko kwa fundi. Niliwadanganya kwa ajili yako mwaka mzima.

Sasa niandike juu ya ile Jumapili, ambayo hujawahi kunitaka nikusimulie. Nitakusimulia hata hivyo.

Ulikuwa umekuja Ijumaa, umejaza tangi Kasulu mpaka kwenye mfuniko. Jumapili ulikwenda harusi ya mwalimu mwenzako Rungwe Mpya kwa gari la rafiki yako, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na hukutaka kuchafua suti. Neema alikuwa na homa tangu jana yake. Ulimgusa shavu ukasema, "Atakuwa sawa, mama yake ni nesi," ukaondoka.

Saa sita mchana alianza kupata degedege. Nilimbeba mpaka zahanati, nikampima, nikamchoma sindano ya kwanza ya malaria kali, nikakunja kope yake nikaona ndani kumepauka kama karatasi. Alihitaji damu, na damu iko Kasulu. Nilipiga simu hospitali, gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda upande mwingine na lingechelewa. Bodaboda zetu mbili za kijijini zilikuwa zimepeleka watu kwenye harusi hiyohiyo. Nilikupigia wewe mara sita. Iliita mpaka ikakata, mara zote sita.

Nikarudi nyumbani mbio nikachukua ufunguo msumarini. Nilimfunga Neema mgongoni kwa kitenge, jirani yetu Mama Esta akanishikia pikipiki kwenye ngazi ya mlango wetu nikapanda. Alikuwa analia huku ameishika kwa mikono miwili. "Mama Neema, utasimamaje?"

"Sitasimama mpaka lami," nilimwambia.

Na nisingesimama. Niliiendesha vizuri, Baba Neema, nataka ulijue hilo, kwa sababu huko Kibondo unasema wanawake hawajui kuendesha. Nilipita madimbwi yote. Nilikuwa nasikia pumzi ya mtoto shingoni. Lakini kwenye mteremko kabla ya daraja, lori la mbao lilikuwa limekwama, limeziba njia yote. Nikafunga breki. Nikashusha mguu wa kushoto kutafuta ardhi, na ardhi haikuwepo. Lile tangi lilikuwa limejaa, likavuta upande, nikaenda nalo. Nilichoweza ni kujipinda ili Neema asiwe chini. Nilisikia mguu wangu ukilia kama kuni kavu.

Watu wa lori waliinua pikipiki. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti na injini ya moto ilikuwa imeunguza nyama. Sikuweza kusimama. Mwanamke mmoja alikuwa anatoka shamba, jembe begani, miguu mitupu. Sikumjua. Alikuja akapiga magoti kwenye tope, akaanza kufungua kitenge changu.

"Nipe mtoto," alisema. "Ng'ambo ya lori kuna bodaboda. Nipe mimi."

Nilimpa. Nilimkabidhi binti yetu mtu ambaye sikujua hata jina lake, akapita naye kwa pembeni ya lori, nami nikabaki nimekaa kwenye tope nikipiga kelele, "Waambie damu! Waambie anahitaji damu!" Niliendelea kupiga kelele hata pale sauti ya bodaboda ilipokwisha kupotea.

Anaitwa Odeta. Analima ng'ambo ya mto. Aliposikia wanatafuta mtu wa kutoa damu, alikunja mkono wa blauzi yake iliyojaa udongo akawaambia wajaribu yake. Ilikubali. Kwa hiyo mtoto ambaye wewe unaitwa kwa jina lake alivuka siku ile kwa damu ya Odeta, na wewe ulikuwa unacheza muziki.

Mimi nililetwa Kasulu jioni ile; wewe ulifika wodini kesho yake asubuhi. Suruali ya suti ilikuwa na tope magotini, nikafikiri, kumbe amekimbia. Nilitaka kulia nilipokuona. Ulisimama mwisho wa kitanda changu, ukautazama mguu uliofungwa plasta, na neno lako la kwanza lilikuwa hili:

"Pikipiki iko wapi? Tangi limepasuka?"

"Neema yuko wodi ya watoto," nilikujibu.

"Nimeambiwa anaendelea vizuri. Nakuuliza tangi."

Mama wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani. Aliona aibu kwa niaba yako. Mimi sikuhisi chochote tena. Umenikosea mengi baada ya pale: kwenda kimya, kurudi mara moja kwa mwezi, kisha kutorudi, kisha mimi kusikia kwa watu wa soko la Kibondo kwamba kuna mama mwingine anakufulia hizo suti. Yote hayo yalinikuta nimeshaondoka. Niliondoka pale kitandani, na plasta mguuni.

Kwa muda mrefu nililichukia lile tangi. Nilikuwa nawaza, tungechukua ile ndogo, ningegusa chini, nisingeanguka, na wewe usingekuwa na chombo cha kukufikisha mbali hivyo. Nimeshaacha. Mguu, ndiyo, ni wa tangi. Lakini wewe ungeondoka hata kwa ile ya kawaida. Ungesimama tu Makere kununua petroli ya chupa.

Kisha mwezi huu, baada ya miaka mitatu, mdogo wako Festo amekuja. Alikaa kwenye kiti kile karibu na mlango, akanywa uji, akawa anageuza kikombe mkononi muda mrefu.

"Shemeji, kaka amenituma. Amepata mteja wa pikipiki. Lakini kadi ina jina lako, mteja anataka saini ya mwenye kadi."

"Anauza kwa nini?"

Festo hakunitazama. "Anasema ni nzito. Mgongo unamsumbua. Anatafuta moja ya tangi la kawaida. Siku hizi barabara ni lami, vituo vya mafuta viko njiani."

Nilicheka, Baba Neema. Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa, maana mguu huu hauvumilii kicheko kirefu. Festo naye alianza kutabasamu, kisha akaona uso wangu akaweka kikombe chini.

Nilimwambia sisaini kitu nisichokiona. Mlete pikipiki, na mlete mteja. Ukakubali, naambiwa ulikubali haraka sana. Ulidhani nitatia saini kama nilivyokubali kila kitu tangu uwanja ule wa mpira.

Jumamosi walifika, Festo na mteja. Mteja ni mnunuzi wa asali, mtu mrefu, anazunguka misituni. Aliipanda na nyayo zake zote mbili zikalala chini, nikamwambia hii kweli ni yako. Tulikwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mtendaji alisoma kadi, akasoma jina langu kwa sauti, akamuuliza mteja, "Fedha unampa nani?" Mteja akamtazama Festo. Festo akasema, "Mpe mwenye kadi." Nikazipokea, nikasaini. Simu ya Festo ikaanza kuita. Aliitoa, akaona ni wewe, akanitazama, akairudisha mfukoni. Iliita mpaka ikakata.

Usimlaumu. Aliniomba nimwandikie kitu cha kukuonyesha ili usidhani amekula fedha. Ndiyo maana nimeandika.

Neema yuko darasa la pili. Anasoma kwa sauti na kunisahihisha ninapokosea. Likizo anakwenda kwa Odeta kuvuna karanga, na wanaitana kwa majina ambayo siyaelewi. Mguu wangu ni mfupi kidogo upande wa kushoto, na zahanati imenihamishia dirisha la dawa, kwa hiyo vitongoji vya mwisho sasa anakwenda mwingine. Hayo ndiyo ya huku. Huwezi kusema hujaambiwa.

Msalimie mama yako, sina ugomvi naye. Wewe baki na afya, utibu huo mgongo. Na karatasi hii uihifadhi vizuri, kwa kuwa ndiyo risiti pekee utakayoipata kwangu.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Neema