Mjane wa Kompyuta

Jumamosi, 19 Desemba 1998
Kaka kafika! Apolinary mwenyewe, kutoka Ujerumani, amekonda, kofia ya sufu kichwani na jua lote hili. Mama kalia, kacheka, kamlisha matoke na senene wa kukaanga mpaka akaomba apumzike.
Kaleta kamera ndogo, na kanda ya video. Filamu fupi, wameitengeneza yeye na wenzake chuoni. Mjane anafungua sanduku la nguo za marehemu mumewe. Basi. Ila huyo mjane hayupo! Hakuna mwigizaji. Ngozi, mvi, mikunjo ya shingo – vyote vimechorwa na kompyuta. Nikasema, aa, katuni. Akanuna. Katuni ni ya watoto, Kemi, hii ni ya watu wazima.
Sielewi. Nataka kuiona.

Jumapili, 20 Desemba
Baada ya ibada tulikwenda kwa Elpidius, mwenye banda la video hapa Songambele. Kakubali kuionyesha Jumanne mchana, kabla ya filamu zake za ngumi. Kauliza kama kuna anayepigwa. Hakuna. Akakuna kichwa.
Nimewaalika walimu wenzangu, na jirani yetu mama Nyirabahire. Hajawahi kuingia humo. Nimembembeleza mimi.

Jumanne, 22 Desemba
Sijui nianzie wapi.
Mwanzo kimya, watu midomo wazi. Mikono ya yule mjane! Anakunja shati, analinyoosha kwa kiganja, mishipa inaonekana – nikasahau kabisa kwamba si mtu. Kisha akageuza uso. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Uso mzuri, hauna kosa la kuonyesha kwa kidole. Lakini macho... Mtu akacheka nyuma. Mwalimu Karekezi akaninong'oneza: huyu mama hamezi mate. Kweli! Chozi linashuka, koo limetulia kama ukuta. Wakaangua kicheko. Mjane analia, banda zima linacheka.
Mama Nyirabahire hakucheka. Aliinuka, kajiziba mdomo kwa kitenge, akatoka. Nikamfuata nje. Akasema wenye macho yale aliwaona mtoni, mwaka wa tisini na nne, alipokuwa akienda ukingoni mwa Kagera kila asubuhi kumtafuta dada yake aliyebaki ng'ambo wakati wa mauaji. Macho wazi, hayakuangalii.
"Mwanangu, mbona kaka yako katengeneza maiti, halafu anailazimisha ilie?"
Nimemweleza Apolinary yote. Labda ningenyamaza.

Ijumaa, 25 Desemba
Krismasi. Apolinary hali, haongei.

Jumapili, 27 Desemba
Leo kafungua mdomo! Tulikuwa tunamenya ndizi. Nikamuuliza: kwa nini msitafute tu mwigizaji? Akasema mwigizaji ana sura yake, watu wanamjua, jana alikuwa polisi na leo ni mjane. Huyu wake angekuwa mjane tu, maisha yake yote.
Nimelifikiria hilo. Si la kijinga.
Nikamwambia mikono ilinishika, kweli ilinishika. Kama asingegeuka ningelia. Mtoto unampa sungura anayeongea, anaridhika. Sisi wakubwa tumekaa na nyuso mno – tumezibembeleza, tumegombana nazo, tumezifunika shuka. Mimi hata wanafunzi wangu nawajua wanaodanganya kabla hawajasema neno. Utatudanganya vipi?
Kanitazama shingo. "Meza mate." Nikameza. "Tena." Tukacheka mpaka mama akaja kuchungulia.
Jioni nikajitazama kwenye kioo huku namuwaza marehemu baba. Uso haukufanya kitu! Sasa huzuni hukaa wapi?

Jumatano, 30 Desemba
Mama Nyirabahire kaja mwenyewe. Apolinary akasimama. "Shikamoo mama. Siku ile, nilikuwa..."
"Marahaba. Ile kamera yako ndogo umekuja nayo?"
"Ipo."
"Ilete. Nipige mimi. Uone jicho la mtu anayekumbuka linavyokwenda."
Nikamvuta kaka pembeni. Usithubutu! Huwezi kumvua mtu huzuni yake ukamvisha asiyekuwepo. Kasema mbona ametaka mwenyewe. Ni kweli, ametaka mwenyewe. Na mimi, Mungu anisamehe, nataka kuona.
Wako uani sasa. Naandika hapa dirishani. Mama Nyirabahire anasimulia habari za dada yake, kwa Kinyarwanda, polepole. Hakuna chozi hata moja. Anajikuna kiganja. Anatabasamu! Anatazama kwenye migomba kana kwamba kuna mtu anakuja, kisha anarudisha macho chini. Kaka hapumui.
Sasa jirani kamaliza kusimulia. Kageukia kamera, kaingia Kiswahili:
"Ukishampa mjane wako macho yangu, atakuwa anamlilia nani?"
Apolinary kaishusha kamera. Ananitafuta mimi dirishani, kana kwamba jibu ninalo. Mama Nyirabahire hajaondoa macho kwake, anangoja, na taa nyekundu ya kamera bado inawaka, inarekodi.