Ua wa Makuti, Ua la Asumini

Mwanahawa, mke wangu, mpenzi wangu,

Bahasha hii sikuitia gundi. Shemeji zangu wa Bagamoyo wataifungua hata nikiipiga lakiri, basi nawasalimu wote, wasome, wacheke. Mimi sina siri. Nina mke, nami nampenda, na hili mtaa mzima wa Gerezani unalijua.

Unakumbuka kile kikaratasi changu cha kwanza? Nilikiandika mara tano, mimi niliyesoma mpaka sekondari, mimi ninayeandika barua za reli kutwa bila kufuta. Nikampa shangazi yako akuletee: "Ukinikubali, nitakupa ua." Nilijiona fundi wa maneno! Nikakaa barazani kwenu nimekunja mikono. Mara nikasikia sauti yako nyuma ya pazia: "Shangazi, muulize huyo karani, ua wa makuti au wa debe?"

Mimi nilikuwa na ua la kunusa, wewe unaniuliza ua wa kuzungushia nyumba! Nikajibu kwa kigugumizi, "La... la asumini." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nawe, mpenzi, ulipomaliza kucheka ukasema maneno ambayo nayarudia kila asubuhi njiani kwenda kazini: "Basi mwambieni nataka yote mawili. Hilo la asumini atalipanda wapi, kitandani?"

Siku ile nilijua nimepata.

Lakini nilikuoa sina ua. Nilikuwa mchumba asiye na chumba, na chumba nilichokipata hapa Gerezani unakijua. Ulipikia mlangoni, moshi wote kwetu. Kanga zako ulizianika kwenye kamba juu ya kitanda, zikatudondokea usiku, tukacheka. Ulicheka wiki nyingi, Mwanahawa. Kisha nikaona unacheka kidogo. Habari ya ugonjwa wa mama yako ilipokuja kutoka Bagamoyo ukafunga kanga zako zote, hata ile ya arusi, na mlangoni ukaniambia taratibu, "Nikirudi, nirudi penye ua." Sikukuuliza ni upi. Nilielewa.

Sasa sikiliza! Jana nimeona chumba Kariakoo, nyuma kidogo ya soko. Nyumba ni ya Bi Tausi, mama mmoja mjane, mkali kama pilipili kichaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Nyumba yako iko wapi?"

"Sina nyumba, bibi, ndiyo maana nimekuja kutafuta."

"Huna nyumba? Basi kwangu hupati chumba. Wahuni wamenitosha."

Kumbe, mpenzi, ananiuliza habari zako! Mama mmoja aliyekuwa akitwanga akaacha mchi. "Kaka, anakuuliza mkeo!"

"Ninaye!" nikapiga kelele. "Ninaye, bibi, yuko Bagamoyo, ni mzuri, ana sauti..."

"Sikukuuliza sauti," akasema Bi Tausi. "Mlete nimwone. Wewe utashinda kazini. Huku uani nitakaa na yeye, si na wewe. Nakungoja mpaka Ijumaa, maana kuna fundi cherehani wa Mchafukoge naye anakitaka, na nyumba yake ameshaileta nikaiona."

Basi nimekwisha kusema. Nimesikia mama ameinuka, anakula. Ikiwa bado anakuhitaji, kaa, nami nitakwenda kumwomba Bi Tausi tena, hata kwa magoti. Lakini akikuruhusu, panda gari la Alhamisi. Bila wewe chumba hiki hakipatikani, na bila wewe sikitaki.

Ua wenyewe nimeutazama kwa ajili yako. Umezungushwa makuti mapya, bado yananukia. Kuna jiko la mawe matatu, mbali na mlango. Kuna kamba ndefu ya kuanikia, inatoka ukutani mpaka kwenye nguzo, na jua linaipiga tangu asubuhi. Wanawake wanasukana pale na kusemana, na nimeona kando ya mitungi pana nafasi ya mtu mmoja kukaa. Niliitazama nafasi ile mpaka wakaniuliza kama nimepotewa na kitu.

Na jambo moja sijakuambia. Ulipoondoka nilipanda kijiti cha asumini katika debe la mafuta ya taa, hapa dirishani. Nilidhani kimekufa. Leo kimetoa tumba dogo la ua, jeupe, limefumba bado.

Uliniuliza makuti au debe, nami nikakosa jibu mbele ya watu. Leo ninalo, Mwanahawa. Ua ni wa makuti, na ua ni la debe. Njoo uchukue yote mawili.

Alhamisi nitasimama pale magari yanaposhushia watu, nimekumbatia debe.

Mumeo, ambaye Bi Tausi anasema hana nyumba